Hodi kwa Bibi

"Mie Bakari Mbwana, mashine zangu tatu, meza zangu tatu, na tangu nifungue pale karatasi ya mtu haijawahi kutoka na jina la mtu mwingine. Akitokea hata mmoja, aje nimkabidhi funguo za duka."

Aliyasema hayo kwenye mkutano wa mtaa, uwanja wa shule ya msingi, hapa hapa Gongo la Mboto, mbele ya watu waliokuja kuzungumzia takataka. Gari la taka lilikuwa halijaonekana wiki ya tatu. Mzee Bakari alinyoosha mkono, akapewa kipaza sauti, akasema sentensi moja kuhusu taka na kama kumi na mbili kuhusu steshenari yake. Mwenyekiti akamwomba arudi kwenye ajenda. Akajibu kwamba hajatoka kwenye ajenda, kwa sababu nusu ya taka za mtaa huu ni karatasi zilizoharibiwa na watu wasiojua kazi. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mie nilipiga kuliko wote, maana alikuwa bosi wangu na tarehe ilikuwa ishirini na nane.

Sasa hivi watu wakimtaja wanamtaja kwa zile funguo, kwa hiyo ngoja nieleze zilivyokuja kutajwa.

Mzee Bakari ni mtoto wa mjini, mtaa wa Gerezani. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda kimoja cha nguo Barabara ya Pugu, na hakugusa nguo hata moja. Alikuwa opereta wa simu. Alikaa miaka kumi na nne mbele ya ubao wenye matundu, anachomoa waya huku anachomeka kule, meneja anaongea na stoo, stoo anaongea na bandari, na yeye katikati anajua nani anamtafuta nani na nani amesema hayupo. Alikuwa akituambia kwamba kile kiwanda kilikuwa na mashine mia tatu za kufuma lakini kikiendeshwa na kiti kimoja, na anayekalia kiti hicho ni yeye. Kiwanda kilipokufa, mashine zilipata wanunuzi. Ubao wake ulikatwakatwa ukauzwa chuma chakavu. Alichofanikiwa kuondoka nacho ni plagi moja ya shaba, ile ya kuchomeka kwenye tundu, akaifanya kishikio cha funguo.

Katikati hapo kuna miaka mingi ya kuuza vocha na kutengeneza viredio, ambayo mwenyewe haisimulii. Anaanzia pale alipokwenda kwenye mnada wa ofisi moja mjini iliyokuwa inafunga, akakutana na lile sanduku.

Lilikuwa sanduku la chuma jeusi, ukubwa wa mkate wa boflo, limejaa matundu nyuma. Mie niliyeacha diploma ya kompyuta muhula wa tatu sikuwahi kufundishwa kitu kile, pengine kilikuwa muhula wa nne. Sie tuliliita swichi. Kompyuta zenyewe, yale masanduku yenye akili ndani, zilikaa chumba cha nyuma chenye nondo na kufuli, kwa sababu mtaa wetu una vijana wenye mbio. Mbele kwa wateja vilibaki vioo, kibodi na vipanya tu, kwenye meza tatu. Nyaya zote zilipita kwenye swichi. Kila meza ilikuwa na kidude chenye vitufe vitatu: ukibonyeza kimoja, kioo chako kinafungua mashine ya kwanza, ukibonyeza kingine, ya pili. Meza yoyote iliweza kuita mashine yoyote bila mtu kuinuka kwenye kiti.

Siku aliyoliona likifanya kazi, alikaa meza ya nyuma akabonyeza moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, mpaka mteja akauliza kama hiyo ni gemu. Salma, mwenzangu wa meza ya kati, anaapa kwamba Mzee alikuwa analengwalenga na machozi. Mie nilidhani ni vumbi la nyuma ya swichi.

Mashine alizipa majina. Ya kwanza ilikuwa Bibi, kwa sababu ilikuwa ndiyo yenye mtandao, nzito kuamka asubuhi, na inayojua siri za watu wote. Ya pili Shangazi, iliyofungwa printa, yenye kelele. Ya tatu Mjomba, wa picha za pasipoti, anafanya kazi akijisikia.

Kulikuwa na ishu moja. Meza mbili zikiita mashine moja, zote zinaingia. Mnaona picha ile ile na mnagombea mshale mmoja. Walioliunda sanduku walilijua hilo, wakaweka kitaa chekundu kwenye kila kidude: kikiwaka, ujue kuna mtu. Vitaa vyetu viliungua wiki ya kwanza, umeme uliporudi kwa hasira. Nilimwambia Mzee vinabadilishika. Akasema mtu aliyelelewa hahitaji kuwashiwa taa ndiyo ajue nyumba ina watu. Anapiga hodi.

Ikawa ndiyo kanuni ya kazi. Kabla hujabonyeza, unapaza sauti, "Hodi kwa Bibi." Aliyemo anajibu, "Kuna mtu." Kama amemaliza, anajibu, "Karibu." Wateja walilipenda hilo. Mgeni akiingia mara ya kwanza, akakuta watu wazima watatu wanapigiana hodi ndani ya chumba kimoja, anazungusha shingo amtafute huyo Bibi amsalimie. Na lazima niseme ukweli, ilifanya kazi. Ilifanya kazi miaka minne.

Niliwahi kumwambia kwamba wateja nao wanapiga hodi mlangoni, ipo siku tutamkaribisha mtu kwenye mashine badala ya kwenye benchi. Nikashauri kwenye mashine tuseme "pita", tuache "karibu" ibaki ya mlangoni. Aliniangalia kama nimemwambia avue kofia msikitini.

"Hodi inajibiwa karibu, mwanachuo," akasema. "Au huko ulikokimbia hamkufika hapo?"

Salma akacheka mpaka akaharibu barua ya mtu ya kuomba likizo. Sikulisema tena.

Demetria alikuwa binti wa mama anayekaanga vitumbua kwenye kona ya barabara ya Ulongoni. Alimaliza kidato cha sita, masomo ya sayansi, matokeo mazuri kabisa, halafu ada ikakosekana na mwaka ukapita. Ikafuata na mingine. Alikuwa akija dukani mara kwa mara na harufu ya mafuta na iliki kwenye nguo, anaulizia kama kuna tangazo lolote, na Mzee Bakari, ambaye hakuwa na kawaida ya kutafutia watu matangazo, alikuwa anamtafutia. Mwaka huu akampatia. Shirika moja lilitangaza nafasi thelathini za kusomea maabara ya hospitali, ada yote juu yao. Walitaka ufaulu wa sayansi, na umri usiozidi miaka ishirini na mitano. Demetria alikuwa na ishirini na mitano. Mwezi wa nane ulikuwa unamletea ishirini na sita, kwa hiyo mwaka ujao asingehesabika. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho na sote dukani tuliijua hivyo. Salma alishaanza kumwita dokta, naye anakataa, anasema ni maabara, ni watu wa koti jeupe lakini hawaandiki dawa.

Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa Ijumaa, mwisho saa kumi alasiri. Alichelewa kwa sababu cheti chake cha kidato cha sita kilikuwa bado shuleni, kikachelewa kutoka. Saa sita na nusu alikaa kwenye meza yangu, meza ya mlangoni, nikafungua fomu kwenye Bibi. Tukajaza vizuri, kurasa zote, mpaka ule wa mwisho wa viambatanisho. Hapo ndipo alipofungua bahasha akakuta cheti cha kuzaliwa hakimo. Mama yake alikitoa kukipiga kopi, akakiacha juu ya kabati. Nyumbani kwao ni Majohe. Nikamwambia achukue bodaboda, muda upo tele, mie hapa sigusi kitu. Na sikugusa.

Sasa, kwenye Bibi huyo huyo kulikuwa na fomu ya Farhan, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara. Mzee Bakari alikuwa ameijaza mwenyewe asubuhi, imekamilika, ila Farhan hakuwa na uhakika kama anataka maabara au anataka kubaki na nondo za baba yake. Akaondoka akasema atapiga simu. Fomu mbili, za tangazo moja, zote kwenye ukurasa wa mwisho, na ukurasa ule haukuonesha jina. Ulionesha namba ndefu ya maombi na kitufe cha kijani.

Saa nane kasoro Farhan akapiga. Tulimsikia Mzee akimjibu kwamba amefanya la maana. Akakata simu.

Hapo ndipo hodi mbili zilipopigwa kwa wakati mmoja. Moja ilitoka meza ya nyuma, hodi kwa Bibi. Nyingine ilitoka mlangoni, kwa Bi Nunu, mama mtu mzima aliyekuja kutoa kopi ya kadi yake ya kliniki. Feni ilikuwa inalia, nje kuna mtu anapasha pikipiki. Mie niliisikia ya mlangoni. Niligeuka, nikampa shikamoo, nikamwonesha benchi, na katikati ya yote hayo nikasema neno ambalo mtu yeyote aliyezaliwa pwani hii angelisema.

"Karibu."

Mzee Bakari akabonyeza moja. Akakuta ukurasa wa mwisho, kitufe cha kijani, kama alivyouacha. Akabofya. Kikatokea kisanduku kinachosema kuna kiambatanisho kimoja hakijawekwa, je, una uhakika. Visanduku hivyo hutokea hata ukiweka kila kitu, hakuna anayevisoma. Mzee Bakari ana uhakika tangu azaliwe. Akabofya ndiyo.

Niliporudisha macho kwenye kioo changu, nilikuta kimeandikwa kwamba maombi ya Demetria yamepokelewa na hayawezi kubadilishwa. Kioo changu na cha Mzee vilikuwa vinaonesha kitu kimoja. Hiyo ndiyo faida ya lile sanduku. Nikageuka nyuma. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ncha ya shati. Akaivaa, akasoma tena.

"Nilipiga hodi," akasema. Hakuwa anabishana. Alisema kama mtu anayeuliza saa.

"Nilikuwa namjibu Bi Nunu, Mzee."

Bi Nunu, aliyesikia jina lake, akauliza kama kadi yake ina tatizo. Salma akaichukua, akaenda kuitoa kopi, akatoa nne badala ya moja.

Demetria alirudi baada ya dakika ishirini, anahema, bahasha mkononi. Nilikuwa najiandaa kusema kitu, maana kusema ndiyo kazi ninayoiweza, lakini Mzee aliinuka akamfuata yeye mwenyewe. Akamweleza kila kitu, kuanzia simu ya Farhan. Hakunitaja. Alisema tu kwamba alidhani amekaribishwa.

Demetria akauliza, "Si unairudisha tu?"

"Hairudi, mwanangu."

Akakaa kwenye benchi, pembeni ya Bi Nunu. Bahasha aliishika kwa mikono miwili juu ya mapaja, wima, kama watu wanavyoshika picha ya marehemu. Salma akaituma ya Farhan, kisha sie tukapiga simu namba za msaada za lile shirika mpaka saa kumi. Sauti ya kurekodiwa ilitushukuru kwa uvumilivu wetu. Saa kumi na dakika moja ukurasa wenyewe ulifungwa, na feni ikaendelea.

Jumatatu walikwenda mjini pamoja, yeye na Demetria, kwenye ofisi za lile shirika. Mzee alivaa shati la mikono mirefu, lile la harusini. Walivyopokelewa Demetria alimsimulia Salma. Kijana wa dirishani aliwaeleza kwa adabu kwamba mfumo hauwafungulii watu waliokwishatuma, na kwamba kila mwaka wanapata watu kama hao. Akamuuliza Mzee kama yeye ndiye baba wa binti. Akasema hapana. Mjomba? Hapana. Basi wewe ni nani, mzee wangu?

"Mie ndiye niliyebonyeza," akasema.

Yule kijana hakuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, kwa ujumbe wa simu, mchana, na kwa Demetria yalikuwa maneno matatu: Umri haujathibitishwa. Ya Farhan yalikuwa marefu zaidi, yanaanza na hongera.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya vitumbua kabla ya kazi, ndiyo maana hili nalijua. Mzee Bakari alikuja kwa miguu kutokea upande wa dukani. Watu walikuwa kama kumi, na kwa mtaa wetu kumi wanatosha, mpaka adhuhuri wanakuwa elfu. Demetria alikuwa anamimina unga kwenye kikaango, mama yake anageuza. Wakasalimiana. Mzee akatoa zile funguo tatu na plagi yake ya shaba, akaziweka mezani, pembeni ya beseni.

"Nilisema mbele za watu," akasema, "na nazitoa mbele za watu."

Nilitegemea mtu acheke. Nilikuwa tayari hata kucheka wa kwanza ili kuokoa jahazi. Hakucheka mtu.

Demetria hakuzigusa. Alimaliza kumimina matundu yote ya kikaango, moja moja, ndipo akainua uso.

"Nizifanyie nini, mzee? Nifungue duka nijichapie cheti?" Hakuipaza sauti. "Mie nilikuwa nataka koti jeupe. Wewe una funguo."

Mama yake akamwambia jina lake tu, "Demetria," kwa namna ya kumzuia. Nyuma yangu mtu akaomba vya kufungiwa vinne. Mzee Bakari akampisha, akaondoka, funguo akaziacha.

Kwa hiyo siku hiyo duka halikufunguliwa. Mie na Salma tulikaa kibarazani kama wateja wetu wenyewe. Saa nne Farhan akaja na katoni ya juisi, anamtafuta Mzee amshukuru. Tukamwambia hayupo. Akatuachia juisi mbili mbili. Tulizinywa. Kuna joto Gongo la Mboto, na sisi si malaika.

Adhuhuri alikuja mama yake Demetria mwenyewe. Funguo alizifunga kwenye gazeti, na gazeti lilikuwa limelowa mafuta.

"Mwambieni afungue," akasema. "Watu wana shida zao."

Mzee alifungua alasiri. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akapiga magoti, akaanza kuchomoa nyaya za swichi, moja moja, akiziviringisha vizuri kama alivyofundishwa kiwandani. Nilimfuata. Nilisimama mlangoni nikamwambia kwamba ile karibu ilikuwa yangu, na kwamba ningeangalia nyuma kabla ya kuitoa yasingetokea haya. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo wiki tatu na yalitoka vibaya.

Hakugeuka.

"Mlango ulipigiwa hodi, ukakaribisha," akasema. "Ulichofanya ni sahihi. Ni mie niliyeleta mlango mwingine humo humo."

Akaendelea kuviringisha. Mara ya kwanza tangu anijue, hakuniita mwanachuo.

Bibi alibaki, akahamishiwa printa, na kioo chake kimoja na meza moja, ya nyuma. Shangazi na Mjomba aliwafunika kitambaa. Mashine moja haiwezi kulisha watu watatu. Salma akapata kazi kwenye steshenari ya Kimara, anaondoka nyumbani kabla ya alfajiri. Mie niko hapa na pale. Wateja wanaotaka vitu vya mtandaoni wamehamia duka jingine, wanaokwenda bado kwa Mzee ni wa kopi, na Bi Nunu. Kila karatasi anaisoma mara mbili kwa sauti, jina kwanza, kabla hajaitoa. Mtu akipiga hodi mlangoni anainua kichwa na kumwonesha benchi kwa mkono. Neno lenyewe halitumii tena.

Sanduku liko juu ya rafu, nyaya zake zimefungwa na mpira. Plagi ya shaba imeliwa na mafuta, imekuwa na weusi usiotoka.

Mama yake Demetria ana miguu inayovimba siku hizi, hawezi kusimama mbele ya moto. Demetria yuko peke yake kwenye kona, mwezi wa nane umeshapita. Kila anayesogea anamwambia "karibu", kwa sababu ndivyo muuzaji anavyosema, iwe ni konda, mwanafunzi au mie. Mzee Bakari anapita kila asubuhi. Anasimama hatua mbili kutoka mezani, anakohoa kidogo, anangoja.

"Karibu," Demetria anamwambia, kama anavyowaambia wengine.

Mzee anasogea, anachukua viwili, analipa, anaondoka navyo mkononi bila kula. Kitumbua kimoja ni shilingi mia mbili, hata kwake.